Mapigo Manne ya Kimya

Kodiani lake lilikuwa na kiraka
cha mpira wa baiskeli, upande wa kushoto,
na kila alipolivuta lilikohoa kwanza
ndipo likaimba.
"Msicheke," alituambia Mwalimu Shekue.
"Na nyinyi mkiamka hukohoa kabla ya kusema."

Darasa la tatu, Mkomani, chumba cha mwisho karibu na choo,
maana muziki haumo kwenye mtihani
na mwalimu mkuu alitaka utulivu wa hesabu.
Tulikuwa na makopo ya Kimbo,
visoda vilivyotobolewa kwa msumari,
filimbi za bua la mpapai zilizonyauka kabla ya Ijumaa,
na tari moja ya ngozi, ya marehemu babake,
tuliyoishika kwa zamu, mikono imenawa.

Punda akilia kichochoroni, somo husimama.
"Noti gani hiyo?"
"Fa!" "La!" "So, mwalimu, so!"
Naye huinamisha kichwa kama kadhi mwenye kesi nzito:
"Ameanza na so, akaishia kwenye njaa.
Bwanaadi, mpelekee maganda ya ndizi."

Mimi sikuweza kuimba.
Sauti yangu ilitoka kama mlango wa ghala.
Wenzangu walinisukuma nyuma kwa viwiko,
na mashindano yalikuwa Jumamosi, ng'ambo, Mokowe;
nikajua nitaachwa gatini nilinde mabegi.

"Ndoo hapa, Barke."
Akaniketisha juu ya kreti ya soda,
akanionyesha ubaoni alama ndogo nyeusi
kama kofia iliyotundikwa ukutani.
"Hapa wote hunyamaza. Mapigo manne.
Kupiga kelele, hata kunguru hupiga.
Anayeweza kunyamaza kwa hesabu ni nani?
Wewe utatutunzia kimya."

Nikakitunza.
Nilisimama mbele, kidole hewani,
moja, mbili, tatu, nne,
na watoto thelathini na wanane wakaningoja
kama wanaongoja mwezi wa Idi.
Tulikuwa wa nne kati ya shule tano.
Alitununulia viazi vya karai kwa fedha yake
akatusifu hadi tukasahau kuuliza nani ameshinda.

Wako waliomcheka: mtu mzima, na vikopo!
Wako waliosema mabaya zaidi, barazani, akipita.
Yeye aliitikia salamu ambayo hawakumpa
akaendelea na njia, gundi mfukoni,
miaka ishirini na sita.

Siku hizi navaa sare nyeupe,
nahesabu matone ya dripu usiku kucha.
Alipoletwa wadi ya wanaume
alikuwa mwepesi kama kodiani lililotolewa pumzi.
Nilimshika kifundo cha mkono, nikatazama saa.
"Yeo tuko mpigo gani, Barke?"
"Tatu kwa nne, mwalimu."
"Waongo nyote wauguzi. Huyu ametoka nje ya wimbo."
Na kidole chake kikaanza kugonga shuka, polepole,
kuufundisha moyo wake mwenyewe.

Alhamisi, baada ya alasiri,
jeneza lilipita chini ya dirisha letu.
Hapana tari. Hapana kodiani.
Wanawake tulibaki ndani, nyuma ya mapazia,
na wao chini walimbeba: mwashi, mwenye duka la simu,
Bwanaadi wa maganda ya ndizi, sasa ana kitambi,
na wallahi hatua zao zilikwenda sawa
bila mtu kuwahesabia.
Tahalili ikapanda, ikashuka, ikafika kwenye kona,
pale njia inapokuwa nyembamba,
ikakatika kidogo
watu wavute pumzi.

Nikainua kidole.
Moja.
Mbili.
Tatu.

"Shusha mkono," shangazi akaninong'oneza, "watu wanaona."

Bado, shangazi.
Bado moja.