Rangi ya Kina

Karatasi ina urefu na upana, basi.
Kina nikipe kiti gani?
Nikakipaka rangi: nyekundu penye miamba,
kijani penye pima kumi na kuzidi.

Lutonja, aliyeshusha chubwi siku kumi na moja
kutoka Nyegezi hadi Kigongo,
kamba ikimchuna viganja,
yeye akitaja, mimi nikiandika,
anaikodolea ramani ukutani.
"Mbona umepaka tope kote?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nyekundu na kijani kwake ni pacha
tangu darasa la pili, alipochapwa
kwa nyanya alizozipaka rangi ya majani.
Ghuba nzima, na jasho lake ndani,
imelala mbele yake bapa kama chapati.

Usiku nikabaki ofisini Kirumba, feni ikikohoa,
nikafuta rangi zote, nikabakiza buluu:
ufukweni nyepesi, maji ya suuza ya mwisho;
katikati nzito, wino uliomwagika.

Asubuhi kidole chake kikateremka polepole
kutoka Nyegezi, weupe, weupe,
kikasita penye giza.

"Hapa kamba iliisha," akasema.
"Uliandika ngapi?"