Mraba wa Sentimita Kumi

Kwenye kioo cha kompyuta hema limekwisha kusimama.
Nalizungusha kwa kidole, halina uzito,
halina upande wa jua wala upande wa upepo,
mistari ya buluu imeungana bila sindano.
Nimeridhika nalo kupita kiasi.

Nje, Punta Arenas, upepo umeng'oa bati la jirani
na manispaa imefunga kamba kando ya barabara
ili wapita njia wapate pa kushika.

Doña Eduvigis Oyarzo, mshonaji wa magauni ya harusi
kwa miaka thelathini na minane, ameinama nyuma yangu,
miwani ikining'inia kwenye uzi wa nailoni.
"Zuri," anasema. "Sasa lilaze chini."

Kulilaza ndiyo kazi yenyewe.
Menya chungwa, kisha likandamize ganda mezani:
litapasuka, au litajikunja, au litakudanganya.
Kilichopinda pande mbili hakikubali kuwa karatasi.
Basi nalifumua hema ambalo halijashonwa,
vipande kumi na vinne, kila kimoja na namba yake,
na kompyuta inavivuta, inavikandamiza,
inapaka wekundu pale inaposema uongo.

"Hapa penye wekundu," anasema fundi,
"kwenye gauni huwa ni kifua. Tunatia mkunjo."
Anauchora kwa ukucha juu ya kioo changu
na alama ya ukucha inabaki.

Ukingo wa chini sikuuacha unyooke.
Ukinyooka, katikati hulegea na kupigapiga usiku kucha.
Nimeupinda kwa hesabu ya mnyororo unaoning'inia.
Eduvigis haamini hesabu. Anavua mkufu wake,
anaushika ncha mbili mbele ya kioo,
anasogeza mikono mpaka dhahabu inafunika mstari.
Hasemi kitu. Anauvaa tena.

Karatasi sitini na nne
zilitoka kwenye mashine ya dukani kwa don Nibaldo
zikiwa na joto kama mikate.
Tulizipanga sakafuni, katika uwanja wa ndani wa shule,
herufi kwa herufi, msalaba kwa msalaba,
tukatambaa kwa magoti na utepe wa gundi
mpaka ubavu wa hema ukalala kati ya goli na goli,
mweupe, mkubwa, ukubwa wa kweli.

Ndipo akatoa futi mfukoni,
akaenda pembeni, kwenye karatasi ya kwanza,
penye kimraba nilichokiandikia: sentimita kumi.
Akapima. Akapima tena upande wa pili.
"Tisa na milimita saba."

Mashine ilikuwa imepunguza kila kitu kidogo,
kwa wema tu, kitoshee ndani ya pambizo.
Milimita tatu! Nikataka kucheka.
"Tatu hapa," akasema, akatembea hadi mwisho wa karatasi,
"na huku kwenye miguu ya anayelala, saba. Sentimita.
Binti yako ana urefu gani?"

Ismenia anapima barafu kule Andes.
Hema lake la mwisho lilichanika Agosti;
usiku mbili alijifunika mabaki yake.
Sikucheka.

Tulichapa upya, mia kwa mia. Mraba ukawa kumi.
Fundi akaongeza sentimita moja na nusu
kuzunguka kila kipande, akiba ya mshono.
Mimi nilitaka moja tu.
"Gramu arobaini zaidi," nikamlalamikia.
"Akiba haiozi. Zibebe wewe,"
na mkasi ukaingia kwenye kitambaa cha rangi ya limau,
jora moja pekee, lisilo na ndugu.

Tulilisimamisha nyuma ya shule, Jumamosi.
Nililala ndani, macho wazi, nikisubiri kusikia ukingo ukipigapiga.
Nilisikia bati la jirani, lile lile.

Karatasi zenye makosa Eduvigis alizichukua,
akaziba nazo nyufa za dirisha la jikoni.
Gundi ya utepe bado iko kwenye sakafu ya uwanja,
umbo la ubavu, lililopungua kidogo.
Watoto wanasema mpira ukipita pale
hupunguza mwendo.