Zamu ya Maji Mirihi

Kitabu kilikuwa na jalada la rangi ya papai lililoiva mno
na roketi iliyosimama kwa mapezi yake
kama samaki aliyekataa kulala.
Maktaba ya Moshi, rafu ya chini, mwaka sabini na moja.
Kadi ya nyuma ilikuwa na majina mawili tu kabla yangu:
E. Mamkwe, na mwingine
aliyeandika upesi kama anayekimbia mvua.

Kilisimulia kijana wa miaka kumi na sita
mwenye rula ya hesabu kiunoni
na kofia ya kioo aliyoivua mara moja tu, akaponea chupuchupu.
Dada yake alikuwemo. Alipika.
Walikunywa kahawa huko Mirihi, asubuhi na jioni,
na hakuna ukurasa ulioniambia ilitoka shamba la nani,
wala aliyeichuma alilipwa senti ngapi kwa kilo.
Nilitafuta. Vidole vyangu bado vilinuka maganda ya buni.

Usiku wa zamu yetu nilimfuata baba kulinda mfereji,
kule juu Mbokomu, maji yasije yakaibiwa kabla ya alfajiri.
Nilibeba chemli na kitabu.
Nikamfasiria sentensi moja moja,
Kiingereza kikiingia kwa jicho, Kiswahili kikitoka kwa mdomo,
Kichaga kikikohoa pembeni:
barafu ya ncha ya sayari huyeyuka,
maji hushuka kwa mifereji maelfu ya maili
hadi kwenye mashamba ya watu wa chini.

Baba akaacha kuchochea moto.
Akaitazama Kibo, imejaa weupe wake wote.
"Huyu mwandishi amewahi kufika hapa?"
"Hapana, baba. Hata huko Mirihi hajafika."
Akanyamaza kidogo.
"Sawa. Zamu ya maji ni ya nani?"

Nikafungua mbele, nikarudi nyuma.
Kulikuwa na kapteni, dhoruba ya vumbi, msaliti mwenye ndevu,
mnyama wa miguu sita aliyefundishwa kuamkia,
vita vya siku tatu,
lakini mzee wa mfereji hakuwepo.
Hakuna aliyepiga baragumu watu wakafukue tope.
Hakuna faini ya mbuzi.
"Basi hiyo mifereji," baba akasema, "haitadumu."

Kurasa kumi na moja za mwisho zilikuwa zimeng'olewa.
Jumamosi nikashuka Kiborloni kwa mama muuza karanga,
nikanunua kifurushi, nikakikunjua, nikala,
nikanunua kingine.
Gazeti. Gazeti. Hesabu za mtoto fulani, zote zimekosewa.

Mwisho nikautunga mwenyewe:
dada anaiacha sufuria ichemke peke yake,
anapanda hadi kwenye barafu, jembe begani.
Mengine sikuyaandika, daftari lilikuwa la jiografia.
Nikakirudisha kitabu kimechelewa siku nne,
ndani nimesahau jani la sale,
lile tunalompelekea mtu tukimwomba radhi.

Mwaka sabini na sita redio ikasema chombo kimetua kule,
kimekuta mawe na vumbi jekundu, maji hayapiti.
Nilikuwa mwalimu tayari; nilikwenda kulilia jikoni.
Baba akazima redio ili betri zisiishe.
"Nilikwambia. Kuna mtu wa juu hakufungulia wenzake."

Sasa magoti yanayouma ni yangu.
Juzi nilipanda hadi kwenye banio; maji yalifika vifundoni tu,
na Kibo ikabaki na ukanda mwembamba,
kama ukosi wa shati lililofuliwa miaka mingi.
Mjukuu wangu Aikande alikuja nami.
Ana simu yenye picha za Mirihi, kokoto kwa kokoto.
Akauliza kama kweli watu watahamia huko,
na wakifika itakuwaje.

Nikamwambia sijui, mama.
Mimi nilisoma hadi ukurasa wa mia moja themanini na tatu.