Pengo la Kafubu

Saa kumi za alfajiri, mwezi wa saba,
daraja la Kafubu limejikunyata kwa baridi.
Fundi Mwepu amepiga goti juu ya lami,
rula ndani ya pengo, tochi kati ya meno:
"Shelashini na nane."
Naandika 38, kwenye daftari lenye doa la chai.

Mwezi wa kumi, jua likikaanga mabati ya Katuba,
pengo hilihili litakuwa ishirini na moja.
Zege hunenepa, anasema akiitoa tochi,
zege hukonda. Ila lenyewe halifichi.

Tukaanza kuchokoa.
Kwa ndoano ya chuma nilitoa humo:
mpira wa zamani, mkavu kama ngozi ya mguu wa kuku,
vizibo saba vya bia,
punje za mahindi, mbili zilizojaribu kuota,
kifungo cheupe cha shati la mwanafunzi,
na jiwe dogo la kijani, lililoruka kutoka kamyo fulani
likakosa Kasumbalesa, likakosa meli,
likakosa kuwa waya ndani ya ukuta wa mtu nisiyemjua.
Nikalitia mfukoni.
Nikalirudisha kwenye karai.
Nikalitia mfukoni.

Upande wa pili tulikuta simenti.
Mtu alipita hapa zamani, akaona pengo akaona aibu,
akalijaza likajaa, akalisawazisha kwa mwiko,
akapiga picha, akalipwa.
Joto la kwanza likalisukuma daraja,
daraja likakosa pa kwenda, likajivunja ukingo.
Mvua nayo ikapata mlango:
nenda chini ukaone, maji yameshuka hadi kwenye nguzo
na nondo zimevimba, zinatema kutu.
Saa mbili nzima tuliipiga ile simenti kwa nyundo,
na Mwepu, ambaye hatukani,
alitukana.

Kaumba anashika bendera, blauzi nyekundu ya dada yake
iliyofungwa kwenye fimbo. Mashofere wanampigia honi.
"Ninyi mnaziba au mnachimba?"
Vyote, anajibu. Ngoja zamu yako.

Saa moja asubuhi pengo ni safi, tumelipuliza vumbi,
na sufuria ya gundi inachemka juu ya moto wa gesi.
Nikanyanyua ndoo. Mwepu akanishika mkono.
Bado. Ukiliziba likiwa limeachama hivi,
joto litaikamua gundi nje kama dawa ya meno.
Ngoja lifike thelathini na tatu.

Basi tukangoja. Bukari baridi, samaki wa jana.
Akaniuliza habari za mume wangu. Yuko Kolwezi, nikasema,
hurudi kila mwisho wa mwezi.
Majirani wa Ruashi wananihurumia kwa sauti kubwa.
Mwaka juzi alipokosa kazi alikaa nyumbani miezi mitatu,
tukagombania hata kijiko.
Mwepu akatafuna, akatazama rula.
"Thelathini na tano," akasema.

Saa tatu na dakika kumi.
Kwanza kamba ya sponji, ikae kitako ndani;
kisha gundi, nyeusi, polepole, bila kukata mkono,
inayoteleza kama asali ya mtu asiye na haraka.
Usiijaze hadi juu. Iache chini, nusu ya kidole.
Mwezi wa kumi itapanda yenyewe.

Kamyo ya kwanza ilipopita, ya shaba, magurudumu ishirini na mawili,
Kaumba alifumba macho.
Jana yake ilikuwa *ka-tang, ka-tang*,
sauti inayoamsha watoto hadi ng'ambo ya mto.
Leo: *dum*.
Kama mtu aliyeweka mfuko wa unga sakafuni
akijua kuna aliyelala.

Tukakusanya ndoo. Nikaandika tarehe, saa, 33.
Jina langu pia, Numbi, kwa herufi ndogo.
Jiwe lilikuwa limepata joto la paja langu.
Nyuma yetu jua lilikuwa limefika kwenye ukingo,
na daraja, bila kumwomba mtu ruhusa,
lilikuwa limeanza kunenepa.