Matundu Manne

Langoni Isabirye anakata tiketi:
mtoto mia tano, mkubwa elfu moja.
"Wewe Mama Tenywa, pita tu."
Ananijua. Humu bustanini nililima mahindi
mwaka sukari ilipoadimika Jinja nzima,
askari walipong'oa bembea
wakapeleka vyuma kusikojulikana,
na jukwaa la beni likawa zizi la mbuzi.

Leo pana ngome ya mpira, inahema kwa jenereta,
kidimbwi cha kuogelea, maji ya magoti,
meza ya pooli chini ya mwavuli wa soda.
Mjukuu wangu keshavua viatu.

Mimi nakaa benchi lile lile la mawe.
Mgongoni lilikuwa na kibao cha shaba,
jina la binti wa yule Mhindi wa majora,
aliyekufa kwa homa hajajua kusoma.
Kibao kiliuzwa kwa kilo.
Jina nimelisahau, na nililipita kila siku.

Yamebaki matundu manne ya skrubu.
Nikichoka kumpigia mtoto makofi
naweka humo ncha za vidole, kimoja kimoja,
kama ajaribuye pete
za mwenzake.