Njia Panda ya Sauti

Mabela, Julai, saa nane za usiku.
Nimezima kiyoyozi,
maana maikrofoni haina ubaguzi: mngurumo wake
nao huuchora kwenye grafu ukaitwa besi.
Nina dakika kumi kabla jasho halijadondokea kibodi.

Mbele yangu sanduku la mbao, mgongo wazi.
Twita moja, wufa mbili za inchi sita na nusu,
pacha wa kiwanda kimoja, namba zao zimefuatana.
Omu nane kwa omu nane, zikifungwa sambamba, ni nne;
amplifaya ya marehemu baba inapandwa na homa.

Shinuna alipita na birika, akachungulia:
"Wake wenza hao. Wape zamu."
Nikacheka, ila alikuwa karibu na fizikia
kuliko kitabu nilichonunua Ruwi kwa riali sita.

Kwani zote mbili zikipanda hadi juu,
zitatamka neno lilelile kwa vinywa viwili,
na aliyeketi pembeni, kwenye mto wa mwisho wa majlisi,
atapokea neno lenye mashimo.

Basi ya juu nimeiachia njia hadi hezi elfu mbili,
hapo ikabidhiane na twita.
Ya chini nimeivika koili nene,
waya wa shaba niliouzungusha kwenye mkebe wa haluwa:
ifike mia nne, kisha ishuke taratibu
kama mtu anayeondoka shughulini bila kuaga.
Si uvivu. Inafidia ile besi
inayozunguka sanduku na kukimbilia ukutani.

Nikaweka kaseti.
Mama, Bi Zayana, Wete, mwaka wa sabini na tisa,
anawasalimu waliotangulia Maskati, jina baada ya jina,
bei ya karafuu, nani kajifungua, nani hajambo kidogo.
Sauti ikatoka nyembamba, haina kifua.
Mama yangu, yule mnene, kawa mtoto wa chuoni.

Nikapima upya. Nikabadili kapasita.
Nikatukana kwa Kiarabu, nikajilaumu kwa Kiswahili.

Saa tisa unusu ndipo nilipouona:
waya mwekundu wa wufa ya chini
umekaa kwenye hasi.
Muda wote huo moja ikisukuma, nyingine ikivuta,
nguvu sawa kwa sawa,
na chumbani hamna kitu.

Nikaugeuza. Lehemu ikanichoma kidole gumba.

Ah, kikohozi chake!
Kile alichokificha kwa upindo wa kanga
kikatua juu ya zulia, kizito,
si kutoka ya juu, si kutoka ya chini,
ila katikati, pasipo na spika yoyote.

Shinuna kasimama mlangoni, mtandio begani.
"Nani kaja?"

"Kalale," nikamwambia.
"Hezi mia mbili bado zimevimba kidogo."

Wala sikuwasha kiyoyozi.