Milimita Nne

Fimbo ilifika na basi la saa nne kutoka Mombasa,
imeviringwa magazeti, imefungwa kamba ya katani.
Konda alinikabidhi kama anayerudisha mfupa wa wenyewe:
"Dada, kitu gani hiki? Kimenigonga ugoko njia nzima."
Stebilaiza. Ya mbele. Imeizidi ile ya kiwandani
kwa milimita nne. Unene wa sarafu mbili
nimeulipia bei ya mbuzi na mwanawe.

Demio langu lina ulevi wake:
ukilikata kushoto, linalalia kulia,
kama mtu anayetega sikio ukutani kwa jirani.
Ningekuwa peke yangu ningelisamehe.
Lakini Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
mama hukaa nyuma, katoka kwenye mashine,
damu imetolewa, imeoshwa, imerudishwa,
kichwa chepesi kama sufi,
na kila kona baina ya hospitali na Ganda
huukamata mlango, hufumba macho:
"Nyevu, polepole."
Nami niko ishirini. Chini ya hapo ni kusimama.

Jumapili nikaazima jeki kwa Famau, na kivuli cha ukuta wake.
Kutu ya Malindi si kutu ya bara;
hii ina chumvi, imeila nati ikashiba
ikalala humo humo.
Nikaimwagia mafuta ya taa. Nikangoja.
Nikaimwagia tena, nikaitukana kwa Kigiriama,
ikasikia.
Boli la tatu likakatika kichwa.
Famau akaleta drili, akalitoa, hakunidai senti,
ila kila mpita njia alimwambia:
"Mwalimu wa hesabu huyo. Zile ni nyayo zake."

Ya zamani ikatoka, nyembamba,
bushi zake zimepasuka kama visigino vya kaskazi.
Mpya nikaipenyeza ubavuni mwa raki ya usukani,
nikiinamisha, nikigeuza, nikirudi nyuma,
kama watu wanaoingiza kitanda kwenye mlango wa chumba kimoja.
Grisi mpaka kwenye nyusi.
Linki, nati, spana ya kumi na nne, kaza.
Nilikaza kwa hasira zote za muhula.

Jumatatu, kona ya kwanza, mama akafumbua macho.
"Leo halilali."
Nikatabasamu kwenye kioo.
Kisha tuta. Ko.
Tuta jingine. Ko, ko.
"Ila kuna mtu anabisha hodi humu ndani. Mfungulie."

Usiku sikulala, nikachora kwenye daftari la masahihisho.
Nikaona. Nilikaza magurudumu yakiwa yananing'inia,
raba zikashika umbo la kuning'inia,
gari liliposhuka zikajikuta zimesokotwa,
zinalalamika kwa haki.
Kesho yake nikaliacha chini, limejikalia na uzito wake wote,
nikalala chali mchangani, pua imegusa vumbi la sampu,
nikalegeza kila kitu, nikakaza upya.
Kumbe si kila kitu hukazwa kikiwa chepesi.

Jumatano. Kimya.
Kuna shimo moja kabla ya Ganda, nalijua kwa jina;
gurudumu la kushoto likatumbukia,
la kulia likashtuka nalo.
Hilo hawakuniambia dukani: ukiyafunga mawili pamoja
yasilale, hakuna tena shimo la mmoja.
Sikulalamika. Nina ndugu watatu Nairobi,
na hili shimo hawajawahi kulisikia.

Kona ya mwisho, ile mbaya, yenye mchanga.
Nikaingia na thelathini, nikatazama kioo.
Macho wazi. Mlango haujashikwa.
Mkono uko mapajani, ndani ya karatasi,
unachambua korosho za kukaanga,
zile zile daktari alizozipiga mstari mwekundu mara mbili.
"Mama!"
"Tazama mbele," akasema, akitafuna.